Jina la Mama wa Golikipa

Kabla ya yote naomba ifahamike kwamba sikukusudia kumdhuru mtu. Nilikusudia kuchambua kandanda.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1985. Nilikuwa nimerudi nyumbani Gongoni kwa likizo, kutoka shule ya bweni huko bara, nikiwa na ripoti ambayo mwalimu mkuu aliandika chini yake: "Gharib ana kipawa. Bado haijulikani cha nini." Alikuwa na sababu zake. Muhula ule nilibandika tangazo kwenye ubao wa bweni, kwa lugha ya kiserikali na sahihi isiyosomeka, kwamba Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kungekuwa na ukaguzi wa kucha za miguu. Wanafunzi mia tatu walipanga foleni kwenye umande bila viatu, pamoja na mwalimu mmoja wa zamu. Siku ile nilijifunza kwamba watu huamini kitu chochote kilichopigwa taipu.

Hilo ndilo somo pekee nililokuja nalo nyumbani, na nikalitumia siku ya tatu ya likizo.

Ligi ya Daraja la Mwambao ilikuwa inaanza Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ilikuwa na timu nane, zote za kulipwa, kwa jinsi tulivyouelewa mshahara: mchezaji aliandikwa na kampuni, asubuhi akafanya kazi, mchana akafanya mazoezi, mwisho wa mwezi akapewa chake. Watu walibishania ligi hii kuanzia Kilifi hadi kwetu, na mabishano yote ya Gongoni yalifanyika kwa Musembi kinyozi.

Joram Musembi alikuwa Mkamba aliyekuja kufanya kazi ya chumvi, akaona chumvi inamla nyayo, akaiacha na kufungua kibanda cha kunyoa. Ukutani alikuwa na kioo kilichopasuka na ubao mkubwa. Kila mwaka kabla ya ligi, wateja walimtajia timu itakayochukua kombe na itakayoshuka daraja, naye akaandika kwa chaki. Aliyekosea alimnunulia aliyepatia soda, au pakiti ya sigara, au kuku kama alijitapa sana. Kamari ni haramu, kwa hivyo hakuna aliyeiita kamari. Iliitwa makisio.

Nikaona makisio yale hayana elimu ndani yake. Nikaamua kuwasaidia.

Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye kampuni ya chumvi. Jumapili alasiri, ofisi ikiwa imefungwa, nilichukua ufunguo wake nikaketi mbele ya taipu na kuandika kurasa mbili kwa jina la Ustadhi Kandanda, Mtaalamu wa Falaki na Mpira wa Miguu. Nazikumbuka kwa moyo:

"MAWIMBI YA BOFA, timu ya hoteli. Wachezaji wake ni wahudumu, nao hupeana pasi kama wanavyopeleka sahani: kwa adabu, polepole, na kwa kutarajia bahshishi. Nyota yao ni Mizani. Makisio: nafasi ya pili. Weka soda, usiweke kuku.

"MABIBO YA KILIFI. Beki wao wa kati ana miaka thelathini na minne kwa mujibu wa kitambulisho, na arubaini na mmoja kwa mujibu wa magoti. Makisio: watashuka daraja. Hapa weka kuku, na jogoo wake.

"PAMBA YA MALINDI. Wana kocha mpya, jezi mpya na mpira mpya. Walichokosa ni mshambuliaji. Makisio: sare kumi, na usingizi kwa watazamaji."

Niliendelea hivyo timu kwa timu, nikicheka peke yangu, mpaka nikafika kwa timu yetu ya kampuni ya chumvi, Munyu ya Gongoni. Hapo nikataka kumaliza kwa kishindo. Maana nilikuwa nimejiita mtaalamu wa falaki, na mpaka hapo sikuwa nimepiga falaki yoyote.

Kwa asiyejua: mwenye elimu ile huchukua jina la mtu na jina la mama yake, hugeuza herufi kuwa hesabu, akagawa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota ya mtu. Jina la baba halimfai kitu. Akishakuwa na hayo mawili, wanasema, anaweza kukutazamia, na akitaka anaweza kukufunga. Ndiyo maana kwetu mwanamke akishazaa huitwa Mama Fulani, na jina alilopewa siku ya saba hukunjwa likawekwa ndani kama nguo ya Idi. Wapo watu wazima wasiomtajia hata mke jina la kuzaliwa la mama zao.

Golikipa wa Munyu aliitwa Fumo. Alikuwa Mbajuni wa Ngomeni, mrefu kama mlango, mwenye viganja ambavyo mpira ukiingia ulionekana chungwa. Na mimi jina la mama yake nililijua. Usiku wa kwanza wa likizo bibi yangu Batuli, kama wote walivyomwita kwa jina la utani, mama yake mama yangu, alikuwa akichambua mchele na kusimulia harusi za zamani za visiwani, akamtaja rafiki yake wa utotoni kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia. "Ndiye mama yake Fumo huyu wenu wa mpira," akasema, kisha akajipiga mdomo kwa kiganja na kuendelea kuchambua mchele.

Kwa hivyo niliandika: "MUNYU YA GONGONI. Nimempigia hesabu golikipa, Fumo mwana wa," na hapo nikaliandika lile jina, "nikapata nyota yake Akarabu, iliyo nyumba ya nane mwaka huu. Katika mechi ya kwanza dhidi ya Mawimbi, baada ya saa moja ya mchezo, magoli mawili yatapita chini ya mkono wake wa kushoto. Mkono huo umekwisha. Makisio: Mawimbi mawili, Munyu bila."

Hesabu sikupiga. Nilichagua Akarabu kwa sababu nge ni mdudu wa kutisha, na mkono wa kushoto kwa sababu ilibidi nichague mmoja.

Jumatatu alfajiri, kibanda kisicho na kufuli kikiwa kitupu, nilizibandika kurasa zile kwenye ubao wa Musembi kwa pini nne, na saa mbili nikarudi mikono mfukoni, uso wa mtu anayetaka kunyolewa, kufurahia kazi yangu.

Kibanda kilikuwa kimejaa. Fumo mwenyewe alikuwa kitini, shuka shingoni, povu la sabuni limemfunika mashavu yote. Thoya, beki wa kulia wa Munyu, alikuwa akisoma kwa sauti kubwa na watu wakiangua kicheko.

"'Arubaini na mmoja kwa mujibu wa magoti!'" Thoya akapiga ubao kwa kiganja. "Wallahi huyu Ustadhi anamjua yule mzee!"

"Weka kuku wangu hapo, Musembi," mtu akasema. "Mabibo chini."

"Una kuku wewe?" Musembi akajibu, wembe hewani. "Mwaka jana uliweka bata, nikaletewa yai."

Fumo naye alicheka hata povu likamwingia mdomoni. "Soma yetu, Thoya. Nataka kusikia amenisifu vipi."

Thoya akasoma. Alikuwa bado anacheka alipolifikia lile jina, na akalitamka kwa nguvu, kama alivyotamka mengine yote, kwa kuwa hakuwahi kulisikia. Akaendelea maneno mawili matatu, kisha sauti yake ikapungua yenyewe kama redio iliyoishiwa betri.

Nilimwona Fumo kwenye kioo. Povu lilibaki jeupe, lakini kila mahali palipokuwa wazi usoni pake palibadilika rangi.

"Rudia," akasema.

"Kaka, basi tena."

"Nimesema rudia, Thoya. Hilo jina."

Thoya, ambaye ni Mgiriama na hakuhitaji kufafanuliwa jambo kama hili, alitikisa kichwa na kurudi nyuma mpaka akagusa mlango. Fumo akainuka mwenyewe. Aliweka kidole kwenye karatasi akafuata mistari polepole mpaka akafika kwenye jina.

"Kwani kuna nini?" Musembi akauliza. "Si ni jina tu? Mama yangu ni Mwikali, kila mtu anajua. Keti nimalize, upande mmoja bado."

Fumo alitoka na shuka la kinyozi shingoni, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu, akapita katikati ya watu bila kumwona yeyote. Mmoja mmoja wakaondoka nyuma yake. Yule mwenye kuku alirudi kumnong'oneza Musembi afute jina lake.

Nilikaa kitini nikanyolewa. Sikuwa na nywele za kunyoa.

Sasa niseme kilichokuwa hatarini, maana mimi mwenyewe nilikuja kukijua siku ile jioni, baba alipokuwa akimhadithia mama. Fumo alikuwa kibarua wa chumvi mwaka wa tatu. Masika yakianza, maji ya mvua huingia kwenye mashamba ya chumvi, kazi husimama, na vibarua wote huambiwa waende makwao mpaka kiangazi. Waliokuwa kwenye orodha ya timu tu ndio walioandikwa kazi ya kudumu. Mwaka ule kwa mara ya kwanza nafasi ya golikipa ilikuwa ya Fumo. Kocha Mramba alikuwa apeleke ofisini Jumatatu ya baada ya mechi ya kwanza majina ya wachezaji kumi na mmoja watakaoicheza. Na mke wa Fumo, Harusi, alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Na leo hakuja mazoezini," baba akasema. "Amemtuma mtu kusema mkono wa kushoto umekufa ganzi."

Nikaacha kula.

Jumanne nilipita kwa Musembi nikasikia kwamba Fumo alipewa kikombe cha chai kikamponyoka. Jumatano nikasikia kwamba hawezi kufunga kitufe cha shati. Wakati huo nilijiambia, kwa lugha tunayofundishwa shuleni, kwamba mkono hauwezi kufa kwa sababu ya karatasi. Nilijiambia mara nyingi sana, na kila mara kwa haraka zaidi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kuzing'oa zile kurasa. Nilikuwa nimekwisha kushika pini ya kwanza Musembi aliponikamata kifundo cha mkono.

"Wacha hapo, kijana! Thoya amesema atakayeitoa hiyo karatasi, balaa linamhamia yeye. Mimi siamini mambo yenu, lakini wateja ndio wanaamini, na sasa hakuna anayeingia. Angalia. Siku tatu sijanyoa mtu." Akanitazama. "Umekuwa mweusi mdomo. Unaumwa?"

"Ni jua, mzee Musembi."

"Jua gani na mawingu haya?"

Kweli mawingu yalikuwa yamepanda kutoka baharini, mazito, rangi ya sufuria iliyoungua.

Nyumbani nilimkuta bibi Batuli ukumbini, amekaa mkekani, mikono mitupu. Sikuwahi kumwona bibi na mikono mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti."

Nikaketi.

"Lile jina," akasema, "duniani lilikuwa likijulikana na watu wanne. Mwenyewe. Mwanawe. Mama yake, naye keshakufa. Na mimi." Alisema taratibu, kama mtu anayehesabu mayai. "Tangu Jumatatu watu wanakuja kunisalimia na hawakai. Jana Mama Fumo amepita mlangoni kwangu, miaka sitini tunajuana, asiitike salamu yangu. Sasa nakuuliza wewe, mjukuu wangu, maana wewe ndiye uliyesoma. Mimi siwezi hata kuandika. Nani ameliandika?"

Nilifungua kinywa ili nitoe moja ya zile hotuba zangu. Akainua kiganja kunizuia.

"Chukua baiskeli ya baba yako," akasema. "Nenda Ngomeni. Usirudi mpaka umesema."

Njia ya Ngomeni hupita katikati ya mashamba ya chumvi, maji mekundu huku na huku, na upepo siku ile ulikuwa unanisukuma nyuma kana kwamba nao ulikuwa umesikia habari zangu. Nilitunga njiani maelezo ya kitaalamu yenye sehemu tatu. Nilipofika nilikuwa nimeyasahau yote.

Fumo alikuwa ameketi ndani, mkono wa kushoto umefungwa kanga na kulazwa juu ya mto kama mtoto mchanga. Shavu moja lilikuwa na ndevu za siku tatu na jingine za wiki nzima. Hakuwa amemalizia kunyoa. Harusi alikuwa mlangoni akijishika kiuno. Mama Fumo alikuwa pembeni, mwanamke mwembamba wa macho makali, nami sikuweza kumtazama, kwa sababu kila nilipomtazama jina lake lilikuja kichwani.

"Kaka Fumo," nikasema, "Ustadhi Kandanda ni mimi."

Akanitazama bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha kwanza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Niliandika mwenyewe, kwa taipu ya baba. Ulikuwa mzaha. Falaki siijui, kaka. Sikupiga hesabu hata moja. Akarabu niliichagua tu. Na mkono wa kushoto ni... ni kwa sababu wa kulia ni wa kulia."

"Mtoto huyu anadanganya," Harusi akasema. "Wa Bofa wamemtuma. Wamempa soda."

"Hadanganyi," akasema Mama Fumo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Batuli ameropoka, na huyu amesikia. Ndivyo ilivyokuwa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilidhani Fumo angeruka, akafungua kanga, akanizaba kofi kwa mkono ule ule, nami ningelipokea kwa shukrani. Badala yake aliinamisha kichwa.

"Basi ni mbaya zaidi," akasema. "Mwenye elimu akifunga, anajua alichofunga na anajua kukifungua. Huyu amefungua mlango gizani, hajui hata ni mlango wa nini. Nani ataufunga?" Akajaribu kuinua kidole gumba. Nilikitazama. Hakikuinuka. "Nakiambia inuka, Gharib. Unaona? Hakinisikii."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliogopa kitu nilichokitunga mwenyewe.

"Nitaandika kwamba ni uongo," nikasema. "Nitabandika. Nitasimama uwanjani nitangaze."

"Uongo utausema kwa jina la nani?" Mama Fumo akauliza. "La Ustadhi? La kwako? Maneno yako yana uzito gani?" Aliinuka, akaja mpaka karibu yangu. "Sikiliza, mwanangu. Umeniweka mimi ubaoni, watu wanishike kwa macho. Nimebaki pale peke yangu siku ya nne. Kaandike la mama yako. Jina lako na lake, kwa mashine ile ile, ubao ule ule, chini ya letu. Na ujipe nyota ile ile na mkono ule ule. Kama ni mchezo, utakuwa mchezo wa wawili. Na kama kuna kitu kimeingia, kikute milango miwili, kigawane."

Fumo aliinua uso. "Ukifanya hivyo," akasema, "nitacheza."

Nikasema ndiyo haraka sana. Ilionekana rahisi. Nilikuwa nimekwisha kupanda baiskeli nilipogundua kwamba jina la kuzaliwa la mama yangu sikulijua.

Ijumaa asubuhi nilimwuliza bibi. "Si langu kusema," akajibu, na hakunitazama. "Muulize mwenyewe."

Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akacheka. "Una nini leo? Umesimama kama mdai."

"Mama, jina lako la kuzaliwa ni nani?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Unalitakia nini?"

Na mimi, niliyekwenda Ngomeni kusema kweli, nikasema, "Fomu ya shule, mama. Wanataka jina kamili la mzazi."

Uso wake ukalegea. Mama hakusoma, na kila kitu cha shule kwake kilikuwa na heshima ya msikiti. Alipangusa mikono, akatazama nyuma yake kama kuna mtu, akaniinamia akalinong'oneza. Kisha akalitamka tena polepole, silabi moja moja, nisije nikakosea kuliandika. "Waandike vizuri," akasema. "Ni jina zuri. Alinipa baba yangu."

Saa ya sala ya Ijumaa, makarani wa ofisi wakiwa msikitini, mimi nilikuwa ofisini mbele ya taipu. Mistari mitatu ilinichukua karibu nusu saa. Herufi nilizozipiga kwa haraka Jumapili ile, sasa kila moja ililia kama mlango wa gereza. Gharib mwana wa. Nikasimama. Shuleni ningemweleza mtu yeyote, na kumchora mchoro, kwamba ile ni wino na karatasi. Nikapiga herufi ya kwanza ya jina lake, nikatazama nje kama kuna mtu. Nyota yake Akarabu. Mkono wake wa kushoto umekwisha. Nilipokitazama kidole gumba changu cha kushoto, kilikuwa kinatetemeka juu ya kitufe cha nafasi.

Nilibandika chini ya zile mbili, kwa pini nne. Musembi alisogea akasoma, midomo ikimcheza, akanigeukia.

"Wewe!" akasema. Akainua mkono kunipiga, kisha akausoma tena ule mstari wa mama, na mkono ukashuka. Hata yeye alikuwa amekwisha kufundishwa na siku nne za kiti kitupu. "Wewe kijana, nenda nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda ukakae karibu na mama yako."

Kufikia alasiri Gongoni nzima ilikuwa imepita pale. Hakuna aliyelisoma kwa sauti.

Jumamosi saa kumi uwanja ulijaa mpaka kwenye vichuguu vya chumvi. Mawimbi ya Bofa walishuka kwenye lori la hoteli, soksi zimelingana. Munyu wakaja wakitembea, na wa mwisho alikuwa Fumo, bila kanga, mkono wa kushoto unaning'inia. Alinitafuta kwa macho kwenye umati mpaka akanipata. Hakunipungia. Alitaka tu kuona kama nipo.

Kipindi cha kwanza Thoya alipanda na mpira akaupiga kwa hasira ya wiki nzima. Munyu moja, Mawimbi bila. Fumo alidaka mipira miwili, yote kwa mkono wa kulia, na watu walionizunguka walikuwa wakihesabu kwa kunong'ona.

Saa moja ya mchezo ikatimia. Nilijua bila saa, kwa sababu uwanja ulinyamaza. Mtu akanisogelea, na mwingine akajitenga nami.

Dakika chache baadaye mshambuliaji wa Mawimbi alipiga shuti dogo, la kubembeleza, upande wa kushoto. Mtoto angelidaka. Fumo alianguka vizuri, mkono ukafika, mpira ukapita chini ya kiganja kilicho wazi, taratibu kabisa, kama unaotafuta njia. Sasa ni sare, moja kwa moja.

Hakuna aliyeshangilia, hata wa Bofa. Na mimi, naapa, wakati ule ule nilihisi ubaridi ukinipanda kutoka kidole gumba cha kushoto mpaka kwenye kiwiko. Nikaushika mkono wangu kwa ule mwingine. Wote waliokuwa karibu waliona.

Tangu hapo Mawimbi walishambulia kushoto kwa Fumo tu, kwa kuwa nao walikuwa wamesikia. Dakika za mwisho wakapata kona. Mpira ukaja juu, mtu akaupiga kichwa, kushoto tena, mkali. Fumo aliruka. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa kwenye viganja vyake vyote viwili, amelala juu yake, naye hainuki. Kocha Mramba akakimbia kumgeuza. Fumo alikuwa analia, na alikuwa akikunja na kukunjua vidole vya kushoto mbele ya uso wake, kimoja kimoja.

Mechi ikaisha sare ya bao moja. Hakuna aliyeweka makisio hayo ubaoni, kwa hivyo hakuna aliyekunywa soda ya mwenzake. Watu walinipita wakirudi makwao. Mzee mmoja akasimama akanitazama mkono, akasema kwa upole, bila ubaya wowote, "Goli moja limeingia. La pili limekwenda kwa nani?" akaendelea na safari yake.

Mvua ilianza usiku ule na haikukatika. Jumatatu mashamba ya chumvi yalikuwa bahari moja, vibarua wakasimama langoni na mabunda yao, na Fumo akaingia ofisini kutia sahihi. Baba alisema alitia kwa mkono wa kulia na kuishika karatasi kwa wa kushoto, barabara.

Nilikimbia kwenye mvua mpaka kwa Musembi ili nitoe kurasa zote, kwa kuwa sasa kazi ilikuwa imekwisha. Zile mbili za Ustadhi zilikuwa pale pale. Chini yake palikuwa patupu. Pini zangu nne zilikuwa zimerudishwa kwenye ubao, zimepangwa mraba, moja kila pembe, na ndani yake hapana karatasi.

"Nani ameitoa?" nikauliza.

Musembi alikuwa ameloa kama mimi. Alikuwa amefika wakati ule ule. "Jana nilifunga. Jumamosi jioni ilikuwepo," akasema. Akatazama sakafuni, nyuma ya kiti, chini ya kioo. "Si upepo, Gharib. Upepo haurudishi pini."

Nilimwuliza Thoya. Nilimwuliza Mramba. Nilikwenda Ngomeni kwenye matope nikamwuliza Mama Fumo, naye akashangaa kweli, nikaona ameshangaa, na ningetoa chochote ili asishangae. Bibi Batuli nilipomwambia alijifunika ushungi wake usoni.

Jumanne asubuhi nilifunga sanduku kurudi shule. Mama alinisindikiza mpaka barabarani chini ya mwavuli, akikohoa kidogo; mvua ya kwanza humkohoza kila mwaka, tangu zamani, kila mtu anajua. Jina lake silisemi hapa, mtanisamehe. Na la Mama Fumo nalo silirudii.

Basi lilipotokea alinishika mkono, ule wa kushoto.

"Ile fomu," akasema, "waliikubali?"

"Nimeipeleka, mama."

"Wameiweka mahali pazuri? Isipotee?"

Kondakta akanipigia kelele nipande.